Macho Makavu ya Zaina

Tulimzika Zaina siku ya Ijumaa, upande wa Mikelenge hapa Kindu, na mvua iliyokuwa imetanda tangu alfajiri ilisubiri mpaka udongo wa mwisho ulipotiwa. Namshukuru Mungu kwa subira hiyo ya mvua. Mimi na wanawake wawili wa mtaa ndio tuliomwosha. Nilipofika usoni, mkono wangu ulikwenda polepole kuliko ilivyo kawaida ya kazi ile, maana macho yale niliwahi kuyatolea ushahidi mbaya, na ushahidi wenyewe nusura umtoe nyumbani mwake na umtenganishe na mtoto wake. Waliokuja kutuhani waliona kikongwe anayemlilia wifi yake, nao walinipa pole kwa upole wa watu wa Kindu, wakala wali, wakaondoka. Siku ya tatu, nyumba ilipotulia, alibaki Riziki, mjukuu wa Zaina, ambaye ni daktari wa macho huko Kisangani. Tulikaa chumbani, mlango wazi upande wa uani, nikamwuliza jambo ambalo kwa miaka karibu sitini sikuwa na mtu wa kumwuliza: kwa nini macho ya bibi yake hayakuwa na machozi.

Riziki hanijibu kama mtoto anavyojibiwa, na mimi humpendea hilo. Alinigusa juu ya jicho, karibu na ncha ya nje ya nyusi, akasema kwamba hapo nyuma ya mfupa kuna tezi ndogo, kubwa kidogo tu kuliko punje ya karanga, nayo ndiyo inayotoa machozi. Tezi hiyo haijiamrishi. Inaletewa habari kwa njia ya mishipa ya fahamu na kwa njia ya damu, na miongoni mwa wanaoleta habari kuna vitu vidogo mno viitwavyo peptidi. Vimeumbwa kwa mali ileile ya protini tunayoila katika maharage na samaki, ila ni vifupi, na kazi yake inafanana na ya homoni: kubeba ujumbe kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Juu ya ngozi ya kila seli ya tezi kuna vipokezi, na kila kipokezi kinamjua mjumbe wake, mwingine akija hakimpokei. Mjumbe wake akifika na kukaa mahali pake, seli hufungua maji. Nilisikiliza, nikasema Alhamdulillahi, maana miaka yote nimeyaona machozi kama kitu cha kumwagika tu, kumbe kila tone limeombwa kwanza, na ombi likakubaliwa.

Mwaka wa ushahidi wangu ule ulikuwa wa vita vile vya kwanza, kabla ya hivi ambavyo wajukuu wangu wanavijua. Mji ulibadilisha mabwana mara mbili. Mabehewa yalisimama gareni, yaani stesheni ya treni, mpaka majani yakaota kati ya magurudumu, na mitumbwi ya Lualaba ilivuka kwa woga, asubuhi sana, bila wimbo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kusoma Kurani chuoni kwa mwalimu, na nilikuwa nikikaa kwa kaka yangu Ramazani katika nyumba ya matofali ya wafanyakazi wa reli: vyumba viwili, baraza nyembamba, na jiko la uani lenye paa la mabati yaliyotoboka. Ramazani alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Zaina alikuwa mke wake, na binti yao Mauwa alikuwa na miaka minne. Chumvi ndiyo ilikuwa imeadimika kuliko vyote. Tulipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese bila chumvi, tukala, kila mmoja akikumbuka ladha yake mwenyewe.

Treni iliposimama, Ramazani alichukua baiskeli akaenda Kibombo kutafuta mchele. Alirudi siku ya sita, amekonda, na gunia dogo nyuma ya baiskeli. Zaina alipika wali usiotosha watu watatu, akaupakua katika sahani moja kubwa, akaiweka mbele ya mumewe. Mauwa alikuwa amelala. Mimi niliitwa nikala na kaka yangu, sahani ileile, na Zaina akakwangua ukoko chunguni. Kesho yake Ramazani alishikwa na homa na tumbo. Siku ya pili jioni alikuwa amekufa. Dawa zilikuwa zimekwisha mjini, na nadhani alikuwa amekunywa maji mabaya njiani, kama wengi waliokufa mwaka ule. Lakini Shangazi Mwamvua, dada mkubwa wa baba yetu, aliyekuja kusimamia msiba, aliuliza swali moja tu: chakula cha mwisho alikipika nani? Nami niliyekula chakula hicho nikatazama chini. Niliogopa nikisema nimekula, nikawa mzima, wataniunganisha na Zaina. Niliona kunyamaza ni adabu. Haikuwa adabu.

Katika ukoo wetu kulikuwa na desturi ambayo dini haiijui, lakini iliishi nyumba moja na dini bila kugombana nayo. Kitambaa kinachobaki kwenye sanda hakitupwi. Siku ya tatu shangazi wa marehemu huketi mbele ya mjane, humfuta uso kwa kitambaa hicho mbele ya wanawake, kisha hukinyanyua. Kikiwa kimelowa, kinaanikwa, na mjane hupewa akiweke; kikiwa kikavu, hushukiwa kuwa na mkono katika kifo. Nakumbuka chumba kile kilivyokuwa, mikeka miwili, harufu ya udi kidogo uliobaki, magoti ya wanawake yakigusana. Shangazi alimfuta Zaina mara ya kwanza, akamfuta mara ya pili. Akakinyanyua kitambaa, akakipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa kikavu kama kilivyotoka dukani. Maneno yalisemwa nje jikoni, tulipokuwa tukichambua majani, na jirani mmoja mwenye ulimi alisema kwa sauti ya kusikika chumbani: "Macho ya Mama Mauwa njo kama robine ya pale gare. Iko, inang'aa, lakini mayi hapana." Wanawake waliijua robine ile, bomba la stesheni lisilotoa maji, wakacheka, na mimi nilicheka pia.

Dini inampa mjane nyumba ya mumewe muda wote wa eda, miezi minne na siku kumi, na Shangazi Mwamvua hakuwa mtu wa kuvunja amri ya Mungu waziwazi. Alisubiri. Aliniita barazani akanipa hukumu yake akiwa anasuka ukili, wala hakuinua kichwa. "Salima, weye utalala na ye chumba moja. Macho yake njo kazi yako. Akilia, utaniambia. Asipolia, siku eda itaisha atarudi kwabo Kabambare. Mutoto atabakia. Mutoto ni wetu." Kwenda Kabambare wakati ule ilikuwa siku nyingi za miguu katika barabara ambayo watu waliingia wakiwa kumi wakatokea sita. Shangazi alilijua hilo. Sisemi alikuwa mkatili. Alikuwa amempoteza mtoto wa ndugu yake, na alitaka kifo kile kiwe na mwenyewe.

Basi nikawa mlinzi wa macho. Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba kupiga mayowe juu ya maiti kumekatazwa, na kwamba huzuni mahali pake ni moyoni, ambako hakuna anayeona ila Mungu. Nilijua hayo yote kwa moyo na ningeweza kuyasomea wengine. Hata hivyo kila asubuhi nilikwenda kwa Shangazi nikasema: hakulia. Nimefikiri sana, katika miaka mingi ya sala, jinsi elimu inavyoweza kukaa kinywani mwa mtu isishuke hata kidole kimoja. Namshukuru Mungu kwamba hakunichukua nikiwa katika hali ile.

Lakini mtu ukilala naye chumba kimoja, unamwona hata usipotaka. Niliona kwamba Zaina hawezi kumeza tonge bila maji. Kila tonge la ugali wa muhogo alilifuatisha kwa funda, na wanawake walisema ana mapozi ya wenye chakula tele. Niliona kwamba anaweka kitambaa chenye maji juu ya macho akipumzika mchana, na kwamba akiamka huyafungua kwa vidole, taratibu, kama ukurasa wa kitabu kilichonyeshewa. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Kuni za mwaka ule zilikuwa mbichi, maana hakuna aliyethubutu kwenda mbali kuzitafuta, na moshi wa jiko letu uliwatoa watu machozi mpaka kuku walikimbia. Zaina aliketi katika moshi huohuo, ameyakaza macho, uso mkavu. Nilidhani ni ugumu wa roho.

Mauwa alipopata malaria nilimbeba mgongoni hadi kwa Papa Placide, muuguzi mzee aliyebaki peke yake katika kituo cha afya baada ya madaktari kukimbia. Alikuwa Mkatoliki, mtu wa utani, na ujanani aliwahi kumsaidia daktari wa macho kwa miaka mitatu. Alimpa mtoto nusu ya kidonge, akasema nusu nyingine ni ya mtoto anayefuata. Nikaomba dawa ya macho mekundu ya wifi yangu. Aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Anameza bila maji? Hapana. Vidole vya mkono vinamwuma asubuhi? Ndiyo, hulalamika. Analia? Nikasita, nikasema halii, na ndiyo kesi yake. Papa Placide alikaa kwenye benchi. Akauliza akikata kitunguu inakuwaje. Nikasema tangu treni isimame hatujaona kitunguu. Aliingia ndani akarudi na kimoja, kidogo, kimeanza kuota, alichokuwa amekificha jikoni kwake. "Weye mutoto wa chuo, unajua kusoma," aliniambia. "Kisome hiki mbele ya wifi yako, halafu ukuje uniambie."

Tulikikata pamoja uani, mimi nusu, Zaina nusu, vichwa vyetu vikikaribiana juu ya ubao mmoja. Kilikuwa kikali. Kabla sijafika katikati nilikuwa silioni tena bapa la kisu, na pua inachuruzika. Nilijifuta kwa kanga nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamewaka kama makaa, kope zinapigapiga, na chini ya kope hapana kitu. Alikuwa ameumia kuliko mimi. Alikata mpaka mwisho, akaweka kisu chini, akaniangalia kwa macho yale. Nadhani alikuwa amejua tangu siku ya kwanza kwa nini nimelazwa chumbani mwake. "Wifi," alisema, "miye niko nalia. Tangu ile siku niko nalia. Ni macho njo hailie."

Juzi, katika mazungumzo yaleyale, nilipomsimulia Riziki habari ya kitunguu alitikisa kichwa. Ugonjwa wa bibi yake, alisema, ni wa walinzi wa mwili wenyewe. Wale wanaopaswa kupigana na vijidudu huigeukia tezi ya machozi, na mara nyingi ile ya mate pia, wakaingia na kukaa humo. Peptidi zinaendelea kutumwa, lakini seli nyingi zimeharibika, na hata zile zilizobaki vipokezi vyake haviitiki kama inavyopasa. Aliongeza, kwa uaminifu, kwamba wataalamu bado wanachunguza mjumbe yupi anafanya nini, kwa sababu wengine huongeza machozi na wengine huyatuliza. Nilimwuliza kilichokuwa kinanikera. Kaka yangu alipokufa, ujumbe ulitumwa? "Ulitumwa, Bibi," alisema. "Huzuni ilituma. Shida ilikuwa kwenye kupokea." Niliukumbuka mji wetu wa mwaka ule, gare yenye askari ndani yake, na barua zetu zisizofika popote. Hakuna aliyesema kwamba watu wa Kindu hawakuwa na la kuandika.

Nilimpelekea Papa Placide habari ya kitunguu, na kwa kuwa mwenye eda hatoki bila dharura, alikuja mwenyewe, zikiwa zimebaki siku nne eda iishe. Alimsalimia Shangazi kwa heshima, akaomba ruhusa, akatoa mfukoni karatasi ya kunyonya wino, ile ya rangi ya waridi iliyowekwa kwenye meza za ofisi. Akaikata vipande vyembamba, urefu wa kidole, akakunja ncha ya kila kimoja. Hakutaka kumgusa mjane wa Kiislamu pasipo lazima, kwa hiyo alinifundisha mimi: vuta kope ya chini, tundika ncha iliyokunjwa, mtu afumbe macho. Machozi yapande karatasi yenyewe, kwa muda wa dakika tano. Shangazi aliuliza kama Wazungu sasa wanapima msiba kwa karatasi. Papa Placide akajibu kwamba hapimi msiba, anapima mayi, na kama Mama Mukubwa ana wasiwasi, aanze yeye. Nilishangaa Shangazi alipokubali. Labda aliona aibu kuogopa karatasi.

Tukaketi watatu mkekani, Shangazi, Zaina na mimi, vipande vimetuning'inia usoni kama ulimi wa mbuzi. Saa ya Papa Placide ilikuwa imechukuliwa na askari mmoja njiani, hivyo aliniambia nisome kitu ninachokijua kwa moyo, kinachochukua dakika hizo. Nilisoma sura tunayoisoma kabla ya kulala, kwa mwendo wa mwalimu wangu, macho nimefumba. Nikasikia midomo ya Shangazi ikinifuata. Nilipomaliza, Papa Placide aliniagiza nizitoe karatasi, akazilaza kwenye sinia. Yangu ilikuwa imelowa nusu. Ya Shangazi ilikuwa imelowa mpaka mwisho, na yeye alidhani hajalia. Ya Zaina ilikuwa imebadilika rangi kwenye mkunjo tu, kama imeguswa na unyayo wa nzi.

Shangazi aliishika karatasi ile muda mrefu. Kisha akaiweka chini. "Sawa, Papa. Karatasi inasema macho haina mayi. Lakini moyo wake? Karatasi haingie mule." Papa Placide alinigeukia mimi. Ndipo nilipojua kwamba sasa ni zamu yangu. Nilisema, "Shangazi, miye njo nilikuambia halie. Nilishuhudia kitu sikijui. Na ule wali wa Kibombo, miye pia nilikula. Sahani moja na kaka." Aliniuliza kwa nini nilinyamaza muda wote ule. Nikasema niliogopa. Hakunipiga, wala hakunikemea. Alinitazama kama mtu anayetazama mahali ambapo alikuwa ameweka kitu. Halafu akamgeukia Zaina, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasema naye uso kwa uso. "Sasa weye, Mama Mauwa. Ukilia, sisi tutajua namna gani?"

Zaina alikunywa maji kwanza, maana bila hivyo ulimi wake haukupata sauti. "Muniulize, Shangazi," alisema. "Tangu tumuzike, hakuna muntu ameniuliza."

Nimekaa darsani kwa masheikh wengi baada ya hapo, na nimesikia mengi mazuri, lakini neno lile la mwanamke mwenye kinywa kikavu limenifundisha kuliko mengi. Tulikuwa watu wa dini, watu wa sala tano, na tulimzunguka mjane karibu siku zote za eda yake tukimsoma usoni kama watu wanaosoma mawingu. Hakuna aliyetumia njia fupi kuliko zote. Shangazi Mwamvua hakuomba msamaha siku ile. Watu wa umri wake hawakuombana msamaha kwa maneno. Aliondoka na Papa Placide hadi njiani, akarudi, akatwanga muhogo. Eda ilipokwisha alimwogesha Zaina yeye mwenyewe, akamvika kanga safi, kisha akamwambia yule jirani wa robine, akiwa hapohapo mlangoni, kwamba chumba hiki ni cha Mama Mauwa, na anayetaka kuuliza zaidi aje kwake. Hakuna aliyekuja.

Jioni ya siku hiyo tulikuwa barazani. Mauwa alikuwa akicheza na mabaki ya ukili. Shangazi alisogeza kiti chake kifupi mpaka kikagusana na mkeka wa Zaina, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za shamba.

"Mama Mauwa, leo umelia?"

"Nimelia, Shangazi. Mara mbili. Asubuhi nilipokunja mashati yake, na saa hii."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. "Na miye mara moja," alisema. "Basi leo tuko na tatu."